Kigari cha Upande wa Kulia

Mama,

Sijakikata kigari cha pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nakula. Ila nilikaribia sana kukikata, na ni heri ulisikie kwangu kuliko kwa majirani.

Ni miezi mitano sasa. Mahindi uliyoyaacha yamefika magotini tumeshayavuna, na yametoka vizuri kuliko mwaka jana. Kuku wako mwekundu ametotoa mara mbili. Kwenye kwaya wamempa mama mwingine aongoze sauti ya pili, naye anaanzia juu mno, wenzake wanamfuata huku wanakohoa. Jumapili moja nilitoka nje katikati ya wimbo nikaenda kulia kwenye tangi la maji. Wimbo wenyewe haukuniliza. Nililia kwa sababu nilitaka kukusimulia walivyouharibu, nikakumbuka hupo.

Pikipiki niliipanda siku ya nne baada ya kukuzika, maana mchanjaji wa mifugo ni mimi, na kuku wa watu wakingoja msiba uishe kideri kinawamaliza. Nilifika ile kona ya shule, ya kulia, kigari kikanyanyuka. Gurudumu lake liliacha ardhi kabisa. Miaka mitatu nimeikata kona ile ukiwa umeketi humo, na sikuwahi kujua kwamba wewe ndiye uliyetushikilia chini. Nilisimamisha, nikashuka, nikakaa kwenye majani.

Jioni nikajaza mchanga kwenye mfuko wa mbolea, nikauweka kwenye kiti chako, nikaufunga kwa kamba. Hivyo ndivyo nilivyotembea miezi yote hii. Wengine walianza kuusalimia ule mfuko kwa utani, "Shikamoo Mama Resti," halafu wakiniangalia usoni wanaacha.

Nakumbuka tulivyokipata. Ulianguka shambani, nyonga ikagoma, ukawa huwezi tena kurusha mguu juu ya bodaboda. "Na hata ningeweza," ulisema, "siwezi kwenda kanisani nimemkumbatia kijana wa watu." Bajaji hazikutaka hata kusikia habari za barabara ya kuja kwetu Kansay. Ukakaa nyumbani karibu mwaka mzima unakaripia kila kitu, mpaka mbuzi wakawa wanakukwepa. Halafu siku niliyokupeleka kliniki Karatu kwa gari la kukodi, tukamkuta yule mzungu mzee kituo cha mafuta na pikipiki yake iliyojaa vumbi la nchi nzima. Mkewe ameketi kwenye kigari cha pembeni, amejifunga kitambaa, anakula ndizi na hana habari na mtu. Uliniambia, "Resti, mwambie huyo mama ashuke kidogo." Mimi niliomba kwa adabu. Nilipogeuka wewe ulishaanza kuingia.

Nilipiga picha kila upande, na fundi Bura akachomelea kama alivyoona kwenye picha, bomba kwa bomba. Kiti kilitoka kwenye gari la watalii lililokufa, rangi ya kijani ni masalio ya geti la mtu. Akaongeza mlango mdogo kwa ajili ya nyonga yako. Wote tulikisifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba huko alikotoka yule mzee wanaendesha upande wa kulia, ndiyo maana kigari chake kilikuwa kulia, pembeni mwa barabara yao. Sisi tunaendesha kushoto. Tulipoingia lami siku ya kwanza na basi likaja mbele yetu, ulipiga kelele, "Yesu wangu, mmeniweka katikati ya barabara!" Na kweli tulikuwa tumekuweka katikati ya barabara.

Fundi aliona aibu, akasema atakihamisha bure na asiambiwe mtu. Ukamwambia asubiri wiki moja. Wiki ilipoisha ukakataa, tena kwa ukali. Ulikuwa umegundua kitu ambacho mimi nilichelewa kukielewa. Tukiwa nyuma ya lori mimi sioni chochote isipokuwa bodi lake, lakini wewe uko nje kulia, unaona barabara yote. Ulikuwa unanyoosha shingo na kuninyooshea kidole. "Ngoja." "Ngoja, kuna fuso." Halafu unapiga bati kwa kiganja: "Pita!" Nami napita, sijaona kitu, nimekuamini tu. Njiani ukawa unawasalimia madereva wa mabasi, "Saita!", hata wale ambao Kiiraqw hawajawahi kukisikia. Yule askari wa barabarani aliyetusimamisha alizunguka pikipiki mara mbili akauliza nani kaweka hiki kitu huku. Ukamuuliza kwao wapi, na mama yake hajambo, na mara ya mwisho amempigia simu lini. Aliturudishia leseni akiwa mpole kabisa.

Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini sikununua kitu cha maana. Pikipiki yenye kigari hailali kwenye kona. Lazima uushike usukani na kubishana nayo. Ukivuta mafuta inakwenda kulia, ukifunga breki inakwenda kushoto, na jioni mabega yanauma. Haikimbii. Lakini abiria wa bodaboda anaongea na mgongo wako na upepo unachukua nusu ya maneno. Wewe ulikuwa hapa, bega lako karibu na goti langu, boksi la chanjo mapajani, kitambaa kinapepea. Nilikuwa nauona uso wako. Nikiongeza mwendo unasema, "Polepole, hatujaiba." Jumapili tulikuwa tunapanda mpaka geti la Ngorongoro, tunautazama msitu, tunageuza. Magari ya watalii yalisimama kukupiga picha, watu hawajafika hata kwa simba. Ulijifuta vumbi, ukakaa sawa, ukawaruhusu picha moja tu.

Nimeongea na wewe zaidi kwenye miaka ile mitatu kuliko thelathini yote iliyotangulia. Ni kwenye kigari uliponiambia habari za mtoto uliyempoteza kabla yangu, jina lake, na nywele zake. Nyumbani hukuwahi kuligusa jambo hilo. Nadhani uliweza kwa sababu wote wawili tulikuwa tunatazama mbele.

Sasa nikwambie habari za Baba.

Unajua alivyokidharau kigari. "Mimi sibebwi kwenye beseni," na hakukigusa hata kwa kidole. Ulipokufa alisimama imara, akapokea watu, akashukuru kila mmoja kwa jina. Matanga yalipoisha akachukua kigoda, akakiweka nyuma ya nyumba kulielekea kaburi lako, na hapo ndipo alipohamia. Mnadani haendi. Kanisani haendi. Wenzake walikuja, wakakaa naye, wakaacha kuja. Nikimpikia anakula vijiko vitatu na kuniambia ameshiba, na koti lake la kahawia lilianza kuning'inia mabegani. Mama, niliogopa. Niliogopa nitawazika wote wawili mwaka mmoja, na sikujua nimfanye nini mtu ambaye hata kugombana hataki.

Na mimi mwenyewe sikuwa sawa. Tangu uondoke sikuwa nimelipita lori hata moja. Nilikaa nyuma yao mlima mzima nikimeza moshi, mpaka wafugaji waliokuwa wananingoja wanarudisha mifugo malishoni. Kila nikiangalia kulia nauona mfuko wa mbolea. Nikachoka. Nikampigia fundi Bura nikamwambia Jumamosi naleta pikipiki, akate kigari, anirudishie pikipiki ya kawaida. Akasema, "Haya dada."

Jumamosi asubuhi nilikuwa napasha moto injini, Baba akatokea kwenye kona ya nyumba. Amevaa koti na kofia yake ya kanisani. Sikuwa nimemwona amevaa kofia tangu tukuzike.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi. Kukatwa kigari."

Aliizunguka pikipiki, akafungua ule mlango wako mdogo, akafungua kamba, akaubeba mfuko wa mchanga na kuuegemeza ukutani. Kisha akaingia. Aliingia vibaya, kwa goti, lakini nilijua nikimsaidia atashuka. Akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Kama kinakwenda kukatwa," akasema, "nataka nione kwanza alikuwa anaona nini."

Nilikata kona ya shule na gurudumu halikunyanyuka. Tulipoingia lami tukalikuta lori la vitunguu, limejaa mpaka juu, linatambaa. Nikakaa nyuma yake kama nilivyozoea. Sikumwambia kitu. Sikuwahi kumweleza habari za kupita, maana yeye hakutaka hata kusikia jina la kigari. Tukaenda hivyo, tumeinamisha vichwa, harufu ya vitunguu inatuingia machoni.

Halafu nikamwona anaegemea kulia. Akanyoosha shingo, kidole juu.

"Ngoja."

Nikapunguza mafuta.

"Ngoja, kuna basi."

Basi likapita kwa kishindo, kofia ya Baba ikaruka ikaenda zake, hakugeuka hata kuitazama. Kiganja kikapiga bati, pale pale ulipopiga wewe mpaka rangi ikatoka.

"Pita!"

Nilipita, Mama. Nilipita nikiwa nalia kiasi kwamba kama si yeye kuona, tusingekuwa salama. Tulipofika mjini fundi Bura alikuwa amesimama nje ya banda lake, miwani kwenye paji la uso na grenda mkononi, ananingojea. Nikampungia mkono. Baba naye akampungia. Tukampita. Kwenye kioo nilimwona anacheka, akaiweka grenda chini.

Sikusimama mpaka getini. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya msitu. Baba akauliza kama hapa ndipo tulipokuwa tunageuzia, nikamwambia ndipo. Halafu akaniambia kwamba kila jioni, miaka yote mitatu, ulikuwa unamsimulia barabara yote, lori hadi lori, nani kakusalimia, nani alikuwa na haraka, wapi ulisema ngoja na wapi ulisema pita.

"Mimi nilijifanya nimelala," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nangojea hadithi yake tangu saa kumi, halafu nageukia ukutani najifanya nimelala."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Mimi sijawahi kumwona Baba analia, hata siku ya kaburi. Nilimshika bega. Lilikuwa karibu na goti langu.

Ni wiki tatu sasa tangu siku hiyo. Nisikudanganye kwamba kila kitu kimekuwa kizuri. Kuna asubuhi bado anarudi kwenye kigoda, namwacha. Lakini anakula. Kanisani amekwenda, tena ameingia na beseni mpaka mlangoni, watoto wote wakamzunguka. Bado anakiita beseni. Sasa anasema beseni letu. Boksi la chanjo analishika vibaya, anafungua kila baada ya muda kuangalia kama barafu ipo, na barafu inayeyuka kwa sababu ya kuangaliwa. Na anasema pita mapema mno. Juzi nimemgombeza kwa nguvu, akanijibu kwamba hata wewe mwanzoni ulikuwa hivyo hivyo. Ni kweli?

Ule mchanga nilitaka kuumwaga barabarani, akakataa. Alhamisi fundi ujenzi alikuja kukujengea kaburi, na Baba akaubeba ule mfuko mwenyewe, akaumimina kwenye saruji kabla ya mchanga mwingine. Mchanga uliokaa kwenye kiti chako zaidi ya miezi minne sasa umekaa na wewe. Saruji imekauka vizuri, haina ufa.

Naona niishie hapa. Leo tuna mbuzi wa kuchanja upande wa pili wa kijiji, na Baba ameshapanda, anagonga bati kwa kiganja ananiita kwa jina langu lote. Amenunua kofia nyingine, hii ina kamba ya kufunga kidevuni.

Kwaheri, Mama yangu. Kigari hakitakatwa, wala hakitahamishwa kushoto, hata nikisimamishwa na askari kila kona. Hiyo ni ahadi. Na jioni tukirudi tutakuja pale nyuma ya nyumba, sote wawili, tukusimulie barabara yote, lori hadi lori. Baba amesema ataanza yeye. Amesema safari hii hatajifanya amelala.

Mwanao,
Resti