Viatu vya Brayan Chini ya Mto wa Mjomba

Jumapili, tarehe 9 Machi. Leo naandika yote, hata ya kutuaibisha.

Mjomba amekuja mtaani kwetu Mbotela kumwachisha kaka Brayan heroini. Maombi ya Mama yalishindwa, kwa hiyo Mjomba ameficha viatu vya Brayan, asitoke kwenda kununua.

"Lakini Mjomba, methadoni ya kumsaidia kuacha hunywewa kliniki kila asubuhi, mbele ya muuguzi," nikamwambia.

"Dawa ya kuacha dawa? Shule imekuharibu, mama!"

Daktari wetu Mjomba akalalia viatu, akakoroma. Brayan alikuwa akitetemeka. Asubuhi nikampa slipa zangu za rangi ya waridi. Akaenda kliniki, akanywa dawa, akarudi, akala ugali.

Sasa Mjomba anajisifu kwamba amemponya. Slipa amezificha pia.

Viatu vyake mwenyewe viko mlangoni, na vinamtosha Brayan. Shajara, nijibu kabla hakujakucha: nimpe?