Kamera ya Dukani Imemwambia Mama Kabla Yangu

Alhamisi. Tunduma kuna rasharasha tangu asubuhi, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na malori yamejipanga kuelekea mpakani kama kawaida yao. Mimi si wa kawaida leo. Hata kuandika hapa nafuta mara mbili mbili.

Sauti yangu imefika nyumbani, Ileje, kabla yangu.

Nianze na kamera. Nauza vitenge na mablanketi kwenye duka la bosi ambaye hakai hapa. Yeye ni mtu wa Dar, anakuja akijisikia. Mwaka huu alituletea kamera nyeupe, duara, ndogo kama ngumi ya mtoto, ikafungwa juu ya mlango wa ndani. Akasema ni ya wezi. Siku ya pili tu nikiwa naonyesha mteja kitenge, dari likaongea kwa sauti ya bosi: "Atu, mwonyeshe na zile za juu." Yule mama wa watu, Mzambia wa Nakonde, alikimbilia nje bila kuaga. Tulicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka sioni nilichokuwa nachekea.

Kwa hiyo nilijua inaona, na nilijua inasikia. Sikuwa mjinga.

Ila sisi watu wa huku tuna mlango wetu wa kufunga. Tukiwa na la siri mbele za watu, tunahamia kilugha. Sokoni, kwenye gari, hospitalini, hata mbele ya mwalimu, unageuza tu ulimi na mgeni anabaki nje. Mimi ni Mndali wa milimani kule Ileje. Bosi Kindali hajui hata salamu. Tangu kamera ije, yangu yote ya moyoni nilikuwa nayasema Kindali, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, nikijiona mjanja.

Jumatatu dada yangu Tusekile alinipigia nikiwa dukani peke yangu. Ni yeye pekee aliyejua kwamba nina uvimbe kwenye titi, na kwamba hospitalini Mbeya walishanikata kipande kidogo cha nyama wakapime. Aliniuliza tu naendeleaje. Basi, nililia. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia usiku naushika huo uvimbe nikiomba uwe umeyeyuka. Nilimwambia mama asijue, asijue kabisa mpaka majibu yatoke, kwa sababu mama mdogo wetu aliondoka na ugonjwa huo huo, na mama ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Na mama ana presha. Nilitaka nipande mwenyewe mpaka nyumbani, nikae naye jikoni, nimwambie taratibu kwa mdomo wangu.

Hilo tu ndilo nililolitaka. Mama aisikie kwangu.

Leo asubuhi nafungua duka, mama Neema anayeuza chai pale nje akaacha birika lake, akaja akanikumbatia. Eti pole mdogo wangu, Mungu si Athumani. Nikamuuliza pole ya nini. Akaona aibu. Nikambana, ndipo akatoa simu akanichezea rekodi.

Nilijisikia mwenyewe nikilia.

Sijui niwaelezeje. Ni sauti yangu, ni Kindali changu, ni kamasi zangu mwenyewe navuta, vinatoka kwenye simu ya muuza chai. Chini ya ile sauti mtu ameandika tafsiri ya Kiswahili, nzuri tu, mstari kwa mstari. Neno titi limeandikwa. Jina la marehemu mama mdogo limeandikwa. Na mwishoni: "Tumwombee dada yetu." Nilikaa juu ya robota la mablanketi, nikashindwa hata kulia, maana nilihisi hata kilio sasa si changu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikampigia bosi, na wala hakukana. Alisema Jumatatu alifungua simu yake kuangalia duka, akanikuta nalia na kunong'ona kilugha. Kunong'ona! Akadhani napanga mchezo na mtu, labda mzigo unataka kutoka. Akairekodi, akaitupa kwenye grupu la wafanyabiashara: "Wakuu, nani anaielewa lugha hii?" Grupu lile lina watu wa kila kabila, Wandali hawakosi. Mmoja akatafsiri. Mwingine kwa huruma yake akairusha kwenye grupu la watu wa nyumbani. Huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kila aliyeituma alikuwa ananiombea.

"Nisamehe Atu," akaniambia, "sikujua kama ni ugonjwa."

Na kama ningekuwa nagombana na mwanaume? Kama ningekuwa namsema mama mkwe? Hapo ingekuwa halali? Nilikata simu, nikasimama nikaiangalia ile kamera, na hapo ndipo kitu kingine kikanijia kikanichoma zaidi. Ile pembe nyuma ya mablanketi. Huko ndiko nilikokuwa naingia mchana wateja wakipungua, nafungua vifungo, najipima kwa vidole. Nilidhani ni pembe ya siri. Je, inaonekana? Mpaka sasa sijui, na kumuuliza siwezi, maana nikimuuliza atakwenda kuangalia.

Nilikuwa bado nimesimama hapo hapo nilipomwona mama mlangoni.

Mama yangu, wa Ileje, ambaye Tunduma haipendi kwa makelele yake. Kitenge kimelowa mabegani, kapu la ndizi mkononi. Nilijua mara moja. Mama hana simu ya kioo, lakini mama Lugano, jirani yetu, anayo. Kama nilivyokuja kuambiwa, jana jioni alimwendea na simu yake ili ampe pole, akamchezea ile sauti. Mama akamsikia mwanawe akilia, na akamsikia mwanawe akisema mama asijue.

Alifungua mdomo kunisemesha, kwa Kindali bila shaka. Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha juu kwa macho.

Akainua macho akaitazama ile kamera.

"Ni hiki ndiyo kinasikiaga?" akauliza kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mama."

Akaweka kapu chini. Akajifunga kitenge chake vizuri kama anayetaka kusimama kanisani, akaisogelea ile kamera mpaka akawa chini yake.

"Wewe baba uliyomo humo. Mimi ndo mama wa huyu mtoto. Mimi hajanililia bado. Wewe umeshamsikia."

Hakupaza sauti. Nje lori lilikuwa linanguruma, na mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Nilidhani hatasikika. Kumbe bosi alikuwa anatazama. Kamera ikakwaruza, halafu sauti ya mtu mzima, mwenye maduka yake na gari lake, ikatoka kule juu, ndogo kabisa:

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

Sijawahi kuona jambo hilo tangu nizaliwe. Mama anaitikia shikamoo ya mlevi aliyelala mtaroni. Mwizi wa ndizi zake alimwamkia siku moja, akamjibu marahaba kwanza ndipo akamtukana. Leo shikamoo ilining'inia pale juu, ikarudiwa tena, "Shikamoo, mama", na mama akainama akachukua kapu lake, akaniambia, "Funga, twende." Nikafunga duka saa za kazi, funguo nikamwachia mama Neema. Dari halikusema kitu.

Sijui kama nina kazi. Bosi ameandika ujumbe mrefu wa samahani, nimeusoma nusu. Atasema kamera ni mali yake na duka ni lake, na ni kweli. Ila sauti yangu aliinunua lini?

Na ninyi mtaniuliza, mbona unalalamika kusemwa, halafu unakuja kuandika hapa hadharani, mpaka titi unataja? Nimejiuliza hilo hilo. Jibu nililolipata ni kwamba Tunduma nzima inajua tayari, lakini inajua kwa mdomo wa watu wengine. Hapa naamua mimi nianzie wapi na niishie wapi. Yapo ya Jumatatu ambayo hamtayasoma hapa, na mkikutana nayo kwenye simu zenu naomba myafute, hata kama mnataka kuniombea. Niombeeni bila kutuma.

Tulipofika chumbani kwangu nilitegemea mama aanze kulia. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kwa kumficha. Hakunipa nafasi. Alivua kitenge kilicholowa akakianika mlangoni, akaomba maji akanawa, akakaa kwenye kigoda na kuanza kumenya ndizi, kama vile amekuja kutembea tu. Nikabaki nimesimama.

"Mama," nikasema, "ile uliyoisikia kwa mama Lugano..."

Akanikata. Sasa alikuwa anaongea Kindali, taratibu, nami nawaandikia kwa Kiswahili. Alisema: "Mimi sijasikia kitu. Yale yalikuwa ya kwenye simu. Kaa hapa, uniambie."

Nikakaa. Nikaanza mwanzo, siku nilipougusa mara ya kwanza nikioga. Nilipofika kwenye neno lenyewe kisu kilimponyoka, akashika kifua chake, akalia kama ndiyo anasikia leo. Na mimi nikamlilia mama yangu.

Majibu ni Jumatatu. Tutakwenda wawili.