Sitii Saini Dhamana ya Tandala

S.L.P. 1126,
Rehoboth,
Namibia.
14 Agosti 2011.

Mpendwa mdogo wangu Gesina,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na zangu ziwe za kwanza. U hali gani huko Upington? Goti lako limepona, au bado unapanda ngazi za kanisa ukishikilia watu mabega? Dirk na watoto hawajambo? Sisi hapa wazima. Bwana wangu Koos alikohoa sana kwa vumbi la majira haya, lakini ameanza tena kulalamikia chumvi kwenye mchuzi, nikajua amepona kabisa.

Barua yako nimeipata. Unasema umesikia huko huko uliko kwamba nimewatukana wafugaji mkutanoni, na kwamba vichwa vya wanyama ninavyotengeneza vinaliwa na wadudu. Umenitumia na karatasi ya dhamana kutoka duka la majokofu ili niige maneno yake. Asante kwa wema wako. Sasa tulia nikueleze, maana waliokusimulia hawakuwapo.

Unamkumbuka Mzee Attie Cloete, mfugaji wa kondoo wa upande wa Kalkrand. Mwanawe Willem aliwinda tandala mmoja mwenye pembe zilizojipinda vizuri ajabu, akaniletea kichwa nimtengenezee cha kutundika ukutani. Kabla sijamaliza, gari likampindukia akafa. Kichwa kile nilikimaliza nikilia, Gesina. Macho ya kioo niliyatoa nikayaweka upya, nikayatoa tena, mpaka tandala akawa anatazama kama aliyesikia mtu akimwita. Mama yake, Saartjie, alipokuja kukichukua alikikumbatia pale pale karakanani, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

Miaka ikapita. Mwezi wa Mei mwaka huu Mzee Attie akaingia karakanani nikiwa na wateja. Hata salamu hakutoa.

"Drieka! Tandala wa mwanangu ananyonyoka kama kuku! Masikio yametoboka. Ulimjaza nini ndani, nyama?"

"Mzee, kilete kichwa nikitazame."

"Ukitazame, au ukafiche kosa lako? Hakitoki kwangu."

Wateja wangu wakaanza kutazama viatu vyao. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akaondoka na ngozi yake ya choroa chini ya kwapa.

Haikuishia hapo. Windhoek kuna karakana mpya inayojitangaza kwamba inatoa dhamana ya maisha. Mzee Attie akalipeleka jambo langu kwenye chama cha wafugaji, na chama kikaamua kwamba fundi asiyetia saini dhamana kama ile asipewe kazi na mwanachama yeyote. Nikaitwa kwenye mkutano nikatie saini.

Nikuambie kweli, niliogopa. Si chama nilichokiogopa, niliiogopa mikono yangu. Baba alitufundisha kwamba fundi akiacha mafuta kwenye ngozi, wadudu huanzia ndani, kwenye midomo na mashina ya masikio, na hilo ni kosa la fundi. Wakitoka nyumbani kwa mteja, huanzia nje, kwenye manyoya. Mimi nilikuwa nalia nilipokuwa nikikwangua ngozi ile. Je, kama machozi yalinifanya niruke mahali?

Basi siku ya mnada wa kondoo, nikijua mzee hayupo, nikaenda kwao. Saartjie alinipokea vizuri, akanipa kahawa na maandazi, akazungumza habari za mvua. Nilipomwomba kuona kichwa akatoa ufunguo mfukoni mwa aproni.

Kilikuwa chumbani kwa Willem. Mdogo wangu, chumba kile hakikuwa kimefunguliwa dirisha tangu mazishi. Mapazia yameshonwa kwa uzi katikati, viatu vya marehemu vina matope yale yale. Chini ya kitanda kulikuwa na rundo la ngozi za kondoo wa karakul alizokusudia kuuza. Nikavuta moja, sufu ikabaki mkononi mwangu, na mabuu yenye vinywele yakamwagika sakafuni.

Nikapanda kiti nikampapasa tandala. Midomo ilikuwa imekaza. Mashina ya masikio yalikuwa makavu, magumu kama siku niliyomaliza. Wadudu walikuwa wamemtafuna kutoka nje. Nilishuka nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, katika chumba kile.

Saartjie alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi, sivyo?"

"Ni wadudu, mama."

"Nilikataza hata ufagio. Niliona kama nikifagia, nitamfagia na yeye." Akanishika mkono. "Usimwambie Attie kwamba wadudu walitoka humu. Wala usiseme mkutanoni. Watakuja hapa kunitazama kama mwendawazimu."

Nikamwahidi. Nawe ungemwahidi.

Mkutanoni Bwana Benade, mwenyekiti, akanisogezea karatasi na kalamu. "Dada Drieka, ni jambo dogo. Unadhamini kazi yako kwa maisha, basi."

"Maisha ya nani?" nikamwuliza. "Yako, yangu, au ya tandala? Maana ya tandala yamekwisha."

Walicheka, hata waliokuja kunisulubu. Benade hakucheka. Akaniuliza wadudu wale walitoka wapi kama si kwangu. Mzee Attie alikuwa mstari wa mbele, kofia magotini, akinikodolea macho.

Jibu lilikuwa ulimini, Gesina, nikalimeza. Nikasema, "Kwangu hawakutoka. Nikikosea mimi, njooni, nitarekebisha bure na nitaomba radhi mbele ya kanisa. Baba yangu alifanya hivyo na hakuwahi kutia saini popote. Lakini kichwa kikishatoka kwangu kinakaa kwenu, na mazulia yenu, na paka wenu, na madirisha msiyoyafungua. Siwezi kudhamini nyumba nisiyolala."

"Mwoga!" mtu akapiga kelele nyuma. "Anajua kazi yake mbovu!"

"Mwoga angetia saini," nikamjibu, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Hayo ndiyo matusi uliyosikia.

Kesho yake asubuhi Mzee Attie alisimamisha pikapu mlangoni kwangu. Nyuma kulikuwa na kichwa cha tandala, kimefunikwa shuka safi. Safari hii alisalimia.

"Saartjie amenieleza," akasema. "Uliketi pale ukatukanwa, na ulikuwa unajua. Kwa nini hukusema?"

"Niliahidi."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia kama mtoto, nami nikaendelea kunoa kisu ili asione aibu.

Kichwa tulikigandisha kwenye friza letu mpaka kila mdudu akafa. Nyama ya kondoo ya Koos ilihamia kwa jirani, na ugomvi wa hapo nitakusimulia tukionana. Masikio nimeyaunda upya kwa vipande vya ngozi nyingine, na ukisimama hatua chache hutambui. Ngozi za chini ya kitanda walizichoma wenyewe, baba na mama, nyuma ya zizi.

Katika mkutano uliofuata mzee alisimama akavua kofia, akaeleza yote mbele ya watu. Saartjie alikuwa ameketi kando yake, kichwa juu. Hakuna aliyemtazama kama mwendawazimu. Wanawake wawili walihama viti vyao wakaenda kukaa naye.

Nikadhani yamekwisha. Benade akanisogezea tena ile karatasi!

"Sasa ni rahisi, dada. Imeonekana huna kosa, basi huna cha kuogopa. Tia saini tumalize."

"Kama sina kosa bila karatasi," nikasema, "karatasi ni ya nini?"

Wakapiga kura, nikashindwa. Mzee Attie alinyoosha mkono upande wangu na wachache wengine, lakini uamuzi wa chama umebaki pale pale. Kwa hiyo, mdogo wangu, usinitumie karatasi nyingine ya majokofu. Ile ya kwanza Koos ameitandika chini ya makopo ya rangi, inafaa sana.

Tangu hapo kazi imepungua, sikufichi. Ila wanachama wameanza kuniletea pembe na ngozi zao kwa siri, wakipita uchochoroni ili Benade asiwaone. Nawarudisha. Nawaambia wazunguke, waje kwa mlango wa mbele, mchana, wakinisalimia kwa sauti. Wengine hukasirika wakaenda zao. Wengine huzunguka.

Nisalimie Dirk, Elzette na Jonas mdogo, na shangazi Lenie mwambie dawa yake ya kifua ilimsaidia Koos. Mungu awalinde nyote, mlale salama na mwamke na nguvu.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye hata unaponishauri vibaya,

Drieka