Ile Bunduki Kubwa

Malinya, Jumapili

Dada Zilpah,

Huku hatujambo. Mahindi yameanza kubeba, na mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Mama anakula vizuri, ila chai siku hizi tunakunywa ya rangi.

Kwenye simu nilikwambia fahali wa jirani yetu Shikanga aliingia bomani akamuua yule ng'ombe uliyemnunulia Mama. Sikukwambia yote.

Fahali aliingia kweli, amepandwa na wazimu, na mkubwa wetu kazini akanituma mimi kwa kuwa ndimi askari wa wanyamapori wa huku. Stoo kulikuwa na bunduki mbili: ile ya kawaida, na magnum ya kuulia ndovu. Mwenzangu Kiptoo akaniambia, "Chukua hiyo ndogo, bwana. Ng'ombe si ndovu." Nikamcheka. Nilijua Malinya nzima itakuwa kwenye ua ikitazama, nikataka wanione na kubwa.

Fahali alianguka kwa risasi moja. Watu walipiga vigelegele. Kumbe risasi ilimpenya, ikatokea upande wa pili, ikamkuta ng'ombe wa Mama nyuma ya migomba. Nilifika hapo wa kwanza. Nikasema ni pembe. Kiptoo aliliona tundu, akanyamaza.

Shikanga amekuja mara tatu kuomba msamaha.

Bunduki yenyewe ilinigonga bega, na bado limevimba. Mama anadhani ni fahali. Kila asubuhi ananikanda kwa maji moto. "Afadhali ng'ombe, mwanangu," ananiambia, "kuliko wewe."

Mdogo wako,
Isaiah