Nyumba Inauzwa, Mjane Amekaa Eda Ndani

Mama Marcelina mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba uniazime sikio lako, maana hapa nyumbani sina wa kumweleza. Mimi ni mke wa fundi cherehani hapa Tabora mjini, mume wangu anaitwa Shomari, tuna watoto watatu na tunakaa chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba wetu ni mtu wa kugonga ukuta akisikia watoto wanacheka, basi mimi na Shomari tumejinyima nguo, tumejinyima nyama, yeye anashona na mimi napinda na kutia vifungo, ili siku moja tuwe na mlango wetu wenyewe.

Tumezunguka kutazama nyumba mpaka kandambili zimelika. Huko Kitete tulioneshwa nyumba nzuri lakini mwenyewe anataka auze na yeye abaki chumba cha mbele mpaka afe, nikamwambia Shomari hapo hatununui nyumba, tunanunua baba mkwe. Ipuli tulioneshwa nyumba na bwana mmoja mkulima anayeitwa Dionis, yeye na jamaa zake wanahamia kijiji cha ujamaa, nyumba yenyewe ni ya matofali mabichi, vyumba viwili, paa la nyasi, na bwana huyo alitupeleka mwenyewe mpaka nyuma akatuonesha ukuta ulioliwa na mchwa, akasema, "Mama, shika hapa uone, usije ukaniapiza baadaye." Nikashika, udongo ukabaki mkononi. Shomari akacheka njia nzima, akasema ile si nyumba, ni kichuguu.

Ya tatu, Mama, ndiyo iliyonileta kwako. Iko mtaa wa zamani, si mbali na soko, baraza pana, bati halina kutu, na anayeuza ni Mabruki, mtoto wa marehemu Mzee Selemani aliyefariki mwezi uliopita. Mabruki ana maneno matamu, alitusimamisha mlangoni akasema mbao zile zilitoka pwani mabegani mwa wapagazi, babu yake akiwa mmoja wao, akatuonesha vyumba viwili vya mbele na ukumbi, kisha tukafika penye pazia akasimama, akashusha sauti, akasema, "Huku nyuma mtaniwia radhi, kuna mtu amekaa eda." Na Shomari wangu, unajua watu waliolelewa na madrasa, alirudi nyuma kama aliyekanyaga moto, akainamisha macho, akasema, "Astaghafirullah, basi, basi, imetosha." Mabruki akasema uani ni kama uani wowote, kuna vyumba vitatu, jiko na kisima, basi yeye na Shomari wakaongee barazani.

Mimi ni mwanamke, siwezi kutoka nyumba yenye mjane wa eda bila kumpa pole, nikasema naingia kumwamkia Bibi. Mabruki akasema nisimsumbue, amechoka. Nikaingia.

Nilimkuta Bibi Tatu, ameketi mkekani na shuka yake nyeupe, mbele yake jiko la mkaa na dele la kahawa. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi, pole na msiba," akasema, "Marahaba mwanangu, pole zimefika, kaa." Akanimiminia kahawa. Kisha akaniambia maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mume wangu alikuwa mtu wa watu. Tangu tumzike, Mabruki haishi kuniletea wageni. Wanaume hawaingii, wana adabu zao, lakini nawasikia huko ukumbini wanavyosifu, huyu anasema Mzee alijenga vizuri, yule anasema hakuna nyumba kama hii mtaa mzima, na moyo wangu unatulia. Mimi nampa Mabruki kahawa awapelekee tu, nitawafanyia nini kingine?"

Mama Marcelina, nilitetemeka. Wanunuzi wanakunywa kahawa ya mjane huku wanapatana bei ya nyumba yake, na yeye anadhani wamekuja kumlilia mumewe! Akaendelea kunieleza kwamba akitoka eda atapangisha chumba kimoja cha mbele kwa binti wa kazi ya uuguzi ili apate cha kula, na ukuta wa jiko ataukandika upya kabla ya masika. Hakuzaa. Huyo Mabruki alimpokea akiwa hajaota meno yote, mama yake mzazi amefariki, akambeba mgongoni mpaka akawa mwanamume wa kufuga ndevu. Na mimi nilifanya nini? Nilimaliza kahawa, nikasema pole tena, nikatoka.

Njiani nikamweleza Shomari. Akanikasirikia mimi, si Mabruki! Akasema, "Ya ukoo wa watu tusiyaingilie. Mtoto wa marehemu ndiye anauza, mimi nanunua nyumba, sinunui msiba." Nikamwambia basi muulizeni Bibi mwenyewe. Akasema mwanamke wa eda hasemi na wanaume, atamuulizaje? Kesho yake akamuuliza Mabruki Bibi atakwenda wapi, Mabruki akajibu bila haya kwamba huyo ni mtu wa Choma, atarudi kwao, siku hizi kila mtu anahimizwa kwenda kijijini kujenga taifa. Bibi mwenyewe mgongo umempinda, jembe atalishika na nini? Tena anatuharakisha, anasema tangu mwaka jana serikali ilipochukua majumba ya kupangisha hakuna anayejua kesho, heri nyumba iuzwe upesi kuliko kuchukuliwa, na mwezi huu ukiisha kama hatukumpa jibu anampa mtu mwingine.

Sasa Shomari ameshaamua. Ameniambia nikipeleka maneno katika nyumba ile, nipitilize na mkeka wangu huko huko. Na sitakudanganya Mama, nyumba nimeipenda, usiku nikifumba macho naiona cherehani ya Shomari pale barazani na wateja wamejipanga. Lakini nikifumbua namwona Bibi. Nifanye nini? Ninyamaze tuhamie, au niseme nikose nyumba na mume pamoja? Au tuchukue ile ya Ipuli yenye mchwa?

Ni mimi, Mke wa Fundi, Tabora.

JIBU

Mke wa Fundi, marahaba. Jibu lako nimekutumia kwa posta siku ile ile niliyosoma barua yako, kwa sababu mambo haya hayangoji zamu ya gazeti. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine, majina yote nimeyabadilisha, maana nina hakika Mabruki hayuko Tabora peke yake.

Nianze kwa kukupa pole. Watoto watatu, chumba kimoja, na mtu anagonga ukuta. Najua kutamani mlango wako mwenyewe kulivyo, nimepanga miaka mingi. Sasa pole imekwisha.

Mimi ni Mkatoliki niliyekulia Tabora nyumba ya pili kutoka msikitini, sijifanyi mwalimu wa dini ya watu. Kwa hiyo nilijifunga kanga nikaenda kwa jirani yangu ambaye ni shehe, nikamsomea barua yako kuanzia salamu. Alisikiliza mpaka kwenye kahawa, akaniomba nisite kidogo, akaagiza maji ya kunywa. Kisha akasema mambo ambayo mumeo aliyelelewa na madrasa alipaswa kuyajua kabla yangu. Mjane ana haki ya kukaa katika nyumba ile muda wote wa eda, na hakuna mtoto wa kumtoa. Ana fungu lake katika mirathi, na kama mahari yake haikumalizwa, hiyo ni deni la marehemu linalolipwa kabla warithi hawajagawana hata sufuria. Kaburi la Mzee halijakauka, mirathi haijagawanywa, Mabruki anauza nini? Anauza cha kwake na cha mama aliyemlea katika furushi moja.

Na hili la kwamba mwanamke wa eda hasemi na wanaume, nani kawaambia? Shehe amesema eda haikumfunga Bibi mdomo. Mwenye jambo la maana atasimama nyuma ya pazia, atapiga hodi, atasema, naye atajibiwa. Mwenzako anayefiwa anapewa heshima ya kutosumbuliwa, na kijana huyu ameichukua heshima hiyo akaigeuza kufuli! Anajua wanaume wenye adabu hawataingia. Anajua Bibi hatatoka. Amesimama katikati anapokea sifa za huku na bei za kule, na kahawa juu yake. Nimejibu barua nyingi katika safu hii, za wezi na za wazinzi, lakini mtu wa kumfanyia hivi mwanamke aliyembeba mgongoni nilikuwa sijaandikiwa.

Eti arudi Choma kujenga taifa. Huyu Mabruki mwenyewe taifa analijenga kwa kazi gani? Anayependa vijiji vya ujamaa na atangulie yeye, ana mgongo ulionyooka. Na serikali isisingiziwe. Yaliyochukuliwa ni majumba makubwa ya watu wa kula kodi, hakuna ofisa aliyekuja mtaani kwenu kutafuta baraza la Mzee Selemani. Neno hilo ni la kuwatisha mnunue mmefumba macho, nanyi mkafumba.

Sasa naongea na mumeo. Fundi Shomari, si jina lako lakini unajijua, na najua gazeti hili linasomwa hapo kwenye cherehani yako. Mteja akikuletea kitambaa akakuonesha upindo tu, akakataa kukikunjua, wewe unakinunua? Nyumba umeona vyumba viwili na ukumbi. Kisima hujakiona, jiko hujaliona, ukuta wa nyuma hujaushika, na mkeo ameambiwa na Bibi mwenyewe kwamba unataka kukandikwa upya. Adabu yako ni nzuri, lakini umeitumia kufunga macho yako mahali ambapo ungeona usilotaka kuona. Unasema hununui msiba. Bwana, unanunua msiba na mwenye msiba yumo ndani. Na kumtishia mkeo kwa mkeka kwa sababu amekuambia kweli ni aibu, umuombe radhi kabla hujashona kingine.

Nimerudi kwako Mke wa Fundi, na hapa usinikasirikie. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenilalamikia habari za mwenye nyumba wenu, Mabruki na mumeo, lakini wewe ndiwe uliyeketi uso kwa uso na yule Bibi, ukamsikia, ukanyamaza, ukatoka. Najua ulitetemeka. Nashukuru ulitetemeka. Lakini Bibi Tatu kutetemeka kwako hakumsaidii, na kila siku unayokaa kuniandikia mimi, mnunuzi mwingine anapanda barazani. Umeuliza kama uchague mume au kweli, kana kwamba mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Kama mumeo ni mtu, na kwa barua yako naona ni mtu aliyelewa baraza tu, akilala akaamka atakushukuru. Kama si mtu, utajua mapema, kabla hamjahamia.

Nyumba ile msinunue. Hata kwa nusu bei msinunue. Ikiwa eda itakwisha, mirathi ikapelekwa Mahakama ya Mwanzo ikagawanywa, na Bibi akaketi mbele yenu na ndugu zake akasema kwa kinywa chake kwamba fungu lake anauza, hapo mje mniulize tena. Kabla ya hapo ni kuiba, hata mkilipa.

Nendeni Ipuli. Ndiyo, Ipuli, kwenye mchwa. Nyasi hubadilishwa kwa bati pole pole, bando moja moja, na ukuta uliolika hubomolewa ukajengwa. Yule bwana amewapeleka nyuma akawashikisha ubovu kwa mikono yenu, na mkamcheka! Katika nyumba zote tatu mlizozungushwa, huyo ndiye pekee anayewauzia nyumba aliyonayo. Mpatane naye bei kwa sababu ya ukuta, mbele ya balozi wa nyumba kumi wa pale, na hakikisheni mkewe na watoto wake wakubwa wanajua. Mkishajenga ukuta, muweke cherehani mbele. Wateja wa fundi mzuri wanatembea.

Na la mwisho, ambalo usilifanye la mwisho. Leo hii mwambie Shomari waziwazi unakokwenda, usitoke kwa kunyata. Akitaka kufuatana nawe, apitie kwa imamu wa mtaa, wasimame wote nyuma ya pazia wangoje kuitwa. Asipotaka, nenda peke yako. Mabruki akikuambia barazani kwamba Bibi amechoka, mpite. Wanaume wote wa mji huo wana sababu ya kusimama ukumbini, wewe huna.

Keti naye mkekani. Usizunguke, usianze na habari za watoto. Mshike mkono umwambie, "Bibi, wale watu hawakuja kukupa pole. Wamekuja kununua nyumba yako."