Mama Taratibu, Aliyeketi Hadi Mlango Ukafunguliwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke. Kiwandani bado wanakuita Mama Taratibu, nasi nyumbani bado tunapunguza redio saa nane mchana, saa ya usingizi wako.

Ulishona sare za shule miaka ishirini na sita. Ulikuwa na mkono mwepesi, kicheko cha kuambukiza, na ubishi usio na makelele.

Mlango wa nyuma wa kiwanda ulipofungwa kwa mnyororo, eti kuzuia wizi wa vitambaa, baadhi ya wenzako walitaka kuvunja mashine. Ulikataa katakata. Uliwasimulia habari za watu wa nchi ya mbali waliogoma kupanda mabasi yaliyowabagua, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima hadi ubaguzi ule ukaondolewa. "Na hawakurusha hata jiwe," ulisema.

Ukawaita wenzako, ukaigeuza sebule yetu uwanja wa mazoezi ya kugoma kwa kuketi. Baba alijifanya askari, akiwafokea na kuwamwagia maji, ninyi kimya. Shangazi uvumilivu ukamwisha, akamtupia kandambili. Ulicheka hadi machozi, kisha ukasema, "Haya wifi, tuanze upya."

Siku yenyewe mlizima cherehani, wanawake arobaini, mkaketi sakafuni. Msimamizi alikusukuma ukajigonga mezani, paji la uso likapasuka. Wenzako wakainuka. "Kaeni," ukawaambia. Kisha ukamgeukia yeye, damu ikichuruzika: "Mwanangu, moto ukiwaka humu, wewe utapitia wapi?"

Asubuhi ya siku ya tatu msimamizi alikuja na ufunguo, akafungua mwenyewe. Mwenye kiwanda akamfukuza kazi papo hapo. Nanyi mkaketi tena, siku mbili, hadi akarudishwa.

Baba alikushangaa: "Unampigania aliyekupasua?"

"Ugomvi wangu ulikuwa na mnyororo, si na yeye," ulijibu, ukaendelea kukunja nguo.

Msimamizi yule alikuja msibani, Mama. Alikaa jikoni na mashoga zako akimenya viazi. Mwezi uliopita mjukuu wako wa kwanza alianza kazi palepale kiwandani. Siku ya kwanza alitembezwa kwenye milango yote miwili, ikiwa wazi. Aliyemtembeza ni yeye.

Unakumbukwa na mumeo fundi redio, wanao watatu, wakwe zako, wifi yako, wajukuu, na wenzako wote wa cherehani.

Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.