Sipandi Muhogo

Jumanne, 19 Septemba 1961
Ndege ya mkubwa wa ONU, Umoja wa Mataifa, imeanguka karibu na Ndola. Amekufa. Alikuwa anakwenda kutafuta mapatano ya Katanga — sasa nani atayatafuta? Yule askari Mswidi wa ONU anayelinda upande wetu wa kambi ya wakimbizi alilia waziwazi; marehemu alikuwa Mswidi mwenzake. Kwa Kifaransa chake cha kuokoteza akaniambia kwamba Mswidi mwingine alipigwa risasi Yerusalemu, mwaka wa arobaini na nane, akiwapatanisha Waarabu na Wayahudi. Kumbe kazi ya amani inaua hivi!
Mume wangu Stanislas hakufuata amani. Tulipokimbilia hapa, askari wa Katanga walipoanza kutusaka sisi watu wa Kasai, tuliacha cherehani nyumbani kwetu, mtaa wa Kamalondo. Akaifuata, siku chache kabla ya risasi kuanza. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu; atarudi haijaiva, alisema. Bukari imeiva, imeliwa. Hajarudi.

Ijumaa, 22 Septemba
Ugomvi na mama mkwe. Amepata vijiti vya muhogo, anataka kuvipanda. Muhogo! Unakaa mwaka mzima ardhini! Nikamwambia lengalenga inatosha, mboga ya wiki chache, maana sisi hapa ni wapita njia. "Weye iko na kichwa nguvu!" akasema, akaenda zake na vijiti vyake.

Jumapili, 8 Oktoba
Mswidi alikuwa Gaza kabla ya kuletwa huku. Huko pia kambi, mahema, foleni ya unga. Mwanzoni wakimbizi wa Kiarabu hawakutaka hata kupanda mti, wasije wakaambiwa wamekubali kukaa. Kila mwaka ONU inaandika kwamba warudi kwao. Wakubwa wanaruka na ndege, Cairo, Yerusalemu, New York, wanashikana mikono. Nikamwuliza: na watu walirudi? Risasi zimepungua, akasema. Watu bado wako pale, mwaka wa kumi na tatu.
Kumi na tatu! Najuta kumwuliza. Tangu hapo nasikia kikohozi cha Stanislas nyuma ya hema. Nikitoka, hakuna mtu.

Jumamosi, 23 Desemba
Vita vya pili vya ONU na Katanga, vya mwezi huu, vimekwisha. Redio inasema wakubwa wamesaini mapatano. Vigelegele kambi nzima. Mimi nilikaa langoni mpaka jua likazama. Waliorudi ni waume wa wengine.

Alhamisi, 17 Mei 1962
Treni ya kuturudisha Kasai ni leo. Malori ya kutupeleka stesheni yamefika. Nimesema siendi — Stanislas akija, atatukuta wapi? Mama mkwe hakubishana. Akanishika mkono mpaka nyuma ya vyoo.
Muhogo! Umenipita kichwa. Aliupanda kwa siri, mwanamke huyu! Nikamfokea: kumbe wewe ndiye uliyekubali kukaa!
"Hapana, mutoto wangu. Haiko ya sisi kula. Lengalenga yako ilikufaka zamani. Muhogo inajua kungoja mu udongo. Stanislas akirudia, atakuta chakula, atajua tulikuwaka hapa." Akalia. Hajawahi kulia mbele yangu. "Sisi bantu, sisi wenye miguu, twende. Kungoja, tuachie muhogo."
Ameshaingia lorini na vyungu vyetu. Nafasi ya pembeni yake amenishikia kwa kitenge changu.
Naogopa. Wameita jina langu mara ya pili. Naandika nimechuchumaa hapa kwenye muhogo, honi inalia, na nyuma yangu mtu anakohoa. Kikohozi kile kile.
Sijageuka bado.